Paka wa Madam Getruda

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni juzijuzi tu, palikuwa na meli ndogo iliyopeleka wenye nazo visiwani kutazama ndege. Kisiwa hakina mtu, hakina panya. Kina ndege tu, wanaotaga chini mchangani, na hawajui kukimbia kwa sababu hawajawahi kukimbizwa.

Sheria ya meli: kabla ya kushuka, kila kiatu kinasuguliwa, kila mkoba unafunguliwa. Hata mbegu ya nyanya haivuki.

Mkaguzi alikuwa Mwanamkasi. Digrii ya wanyamapori, first class, na kazi ni kibarua cha kusugua viatu vya watu. Ndiyo nchi yetu hiyo. Akamfikia Madam Getruda, shemeji wa mwenye meli.

"Mkoba, mama."

"Humo mna nguo zangu za ndani. Utapekua chupi za mtu wa rika la mama yako?"

Mwanamkasi akaona haya. "Pita, mama."

Boti ya mpira ikaondoka kwenda kisiwani, Mwanamkasi naye ndani. Katikati ya maji mkoba ukalia: nyau! Chengo, dereva wa boti, akasikia. Safari iliyopita alimkanya mgeni, akalazimishwa kumwomba radhi mbele ya abiria wote. Leo akanyamaza, akakoleza mwendo.

Ufukweni Kapteni Ndoro wa meli, aliyetangulia kushuka, akauona mkoba unatikisika. Akacheka. "Huyo ni VIP, mwacheni."

Madam akafungua zipu, eti "mtoto" wake apunge hewa. Paka akaruka.

Jamani! Ndege hawakuruka. Walimtazama paka kama unavyomtazama mgeni aliyebisha hodi. Akamng'ata wa kwanza shingo. Wa pili bado anatazama. Naye akang'atwa.

"Na ana mimba," Madam akasema polepole. "Ningemwachaje peke yake?"

Excuse me?

Paka akatokomea nyasini. Bahari ikachafuka, nanga ya meli ikaanza kuburutika. Meli lazima iondoke, na haitarudi mpaka maji yatulie. Paka akizaa, kisiwa kimekwisha. Mtu abaki amtege, na maji ya kunywa yaliyopo yanamtosha mmoja tu.

"Abaki mkaguzi," akasema Kapteni. "Mlango wa ukaguzi ulikuwa wake."

"Nina mtoto ananyonya, nilikuwa nirudi kwake kesho!" Mwanamkasi akafoka. "Na nani alituambia mgeni wa bosi asiguswe? Abaki mwenye paka. Paka humjia yeye tu."

"Mimi? Na presha hii? Dawa zangu zimekwisha, mtanikuta maiti. Abaki dereva. Alisikia, tukatazamana!"

"Nilisikia, ndiyo," akasema Chengo. "Kunyamaza mmenifundisha ninyi. Boti hata Mwanamkasi anaiweza, lakini mimi sijui kutega hata kuku. Abaki Kapteni aliyecheka. Msaidizi wake anaijua njia."

"Kwa bahari hii? Wakizama wote, utazijibu familia zao wewe?"

Mwanamkasi akamtazama Madam. Madam akamtazama Chengo. Chengo akamtazama Kapteni. Kapteni akatazama mawimbi.

Wageni wengine wamesharudishwa melini; wote wanne wamo ndani ya boti, injini inanguruma. Dumu la maji liko peke yake mchangani. Huko nyasini ndege mwingine akalia, mara moja, kisha kimya.

Haya, ninyi hodari wa kuhukumu mkiwa mmekaa, semeni upesi, boti inaondoka: je, nani anastahili kushuka abaki?