Neno Moja la Arafa

Hapo zamani, na si zamani za mababu bali za juzi tu, Kombo aliondoka Pangani na mkewe Mwatumu, wakaenda kuishi nchi ya baridi. Siku za mwanzo alisimama dukani kuomba maziwa kwa lugha ya kule. Muuzaji akamtaka alirudie neno, akamtaka tena, hata foleni nzima ikacheka. Kombo akatoka mikono mitupu. Akaapa mtoto wake hatachekwa.

Arafa alipozaliwa, Kombo akapiga marufuku Kiswahili nyumbani. Mwatumu moyo ulikataa, lakini alikuwa akirudi kazini hoi, akaona heri amani kuliko ugomvi, akanyamaza. Na kule Pangani Bi Tatu, mamake Kombo, kila alipomsikia mjukuu kwenye simu akisema kigeni, aliwatambia majirani. Akamwambia mwanawe asimharibu mtoto kwa maneno yao ya pwani. Basi Arafa akakua na neno moja tu la kwao: asante.

Arafa akiwa msichana wa miaka kumi, Bi Tatu aliletwa kuishi nao. Alasiri moja, wazazi wakiwa kazini, Arafa alikuwa akikaanga viazi. Bibi, aliyekuwa kitini kwa maradhi ya miguu, akaona kitambaa kimeshika moto kando ya jiko.

"Arafa, moto! Zima jiko!"

Mtoto akageuka, akamtazama bibi yake, akatabasamu.

"Asante."

Bi Tatu akajikokota, akakikamata kitambaa kwa mikono yake miwili, akakitupa kwenye beseni la maji. Mtoto hakuungua hata unywele. Mikono ya bibi iliungua.

Hospitalini Kombo alimkuta mama amefungwa bendeji mikononi. Bi Tatu hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mwanangu, nimempigia ukelele wa moto, naye akanishukuru."

Kombo akainamisha uso. Kisha Arafa, akilia, akamwomba baba amwambie bibi kwamba anaomba radhi. Kombo akasimama kati ya mama na binti kama mkalimani wa watu wasiojuana. Akayafasiri, kisha akasema kosa ni lake, maana ndiye aliyekataza.

Mwatumu akakataa. "Wewe ulikataza kwa kuwa ulichekwa. Mimi nilijua ni kosa, nikanyamaza."

"Neno langu moja lingalitosha kumrudi mwanangu," akasema Bi Tatu. "Nami nikaenda kujigamba."

Arafa alipofasiriwa hayo, akasema naye ana lake. Tangu bibi aje na kuona hawaelewani, bibi alikuwa akimwita amfundishe maneno, naye Arafa akikimbia, akiona haya wenzake wasije wakamsikia.

Wakakaa wote wanne wakitazama sakafu. Hakuna aliyethubutu kuitazama mikono ile.

Haya, ninyi mliosikiliza, amueni: mmoja alikataza, mmoja alinyamaza, mmoja alijigamba, na mmoja alikimbia. Je, nani kati yao alistahili kuibeba aibu ile?