Mawe ya Kileleni

Kulikuwa na mtunza kilima mmoja. Kila mwaka mahujaji walipanda kilima chake, kila mmoja na jiwe kutoka kwao. Kila hujaji aliombea haja yake juu ya jiwe lake, akaliacha chini ya msalaba wa kileleni. Kwa miaka arobaini lundo likakua hata likampita mtu kimo.

Serikali na mwekezaji wakakubaliana: serikali ijenge barabara, mwekezaji ajenge hoteli. Ni jambo jema, sivyo? Vikongwe wangefika bila kubebwa mgongoni. Lakini siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia, na kokoto zikaisha. Mhandisi wao akamwendea mtunza kilima.

"Mzee, yale mawe ya juu yana kazi gani?"

Mtunza kilima alikuwa amechoka, na wakubwa walikuwa wakitazama saa.

"Yapo tu."

Mashine ya kusaga ikapandishwa.

Siku ya ufunguzi mtunza kilima alisimama penye utepe. Mbele ya mahujaji wote alikuwapo mama aliyekuja kila mwaka kuligusa jiwe moja jeupe. Alilileta wakati mwanawe alipokuwa mgonjwa. Mwana alikufa, jiwe likabaki.

"Baba, jiwe langu halijaporomoka na mvua?"

Mkuu wa wilaya alikwisha shika mkasi. Ninyi mngejibu nini?

"Pita mama, watu wanangoja."

"Nimekuuliza jiwe langu."

Mtunza kilima akaitazama lami. "Limo humu. Tuliyasaga mawe yote."

Mwekezaji akaingilia haraka: "Furahi, mama! Sasa miguu haitakuuma."

 Mama alivua viatu, akaiacha lami, akaanza kupanda pembeni, kwenye miiba. Aliyemfuata akavua. Kisha safu nzima. Barabara ikabaki nyeusi, safi, tupu. Mkuu wa wilaya hakujua aufanye nini ule mkasi.

Najua mnamlaumu nani. Mwekezaji? Serikali? Wapendwa, wao waliuliza. Walimwuliza mtu pekee aliyejua, naye akasema, "Yapo tu."

Jumatano watu wa serikali na wawekezaji watakuja kwetu pia, na ramani zao, kwa ajili ya chemchemi yetu. Tuwapokee vizuri, tuwape chai. Barabara tunaihitaji. Lakini wataonyesha kwa kidole mahali ambapo sisi tumelia, watuulize pana kazi gani. Tusiwe na haraka ya kujibu. Tuwaambie waketi kwanza, kisha tuwasimulie.