Nakiete na Guo la Agano

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mkae. Wewe Nuru, acha kumvuta mwenzio sikio. Nikisema "Alikuwepo!" nyie niitikieni "Tumsikie!" Asiyeitikia nitajua kalala, na mimi simwamshi mtu kwa ajili ya kisa.

Alikuwepo!

Tumsikie!

Alikuwepo mwanamke mmoja aitwaye Nakiete, zama zile za mababu wa mababu zetu, wakati milima mingi ilikuwa bado haijapewa majina. Aliishi Ngwaru, nchi ya juu, juu kabisa, ambako maji ya mtungini huganda alfajiri na watu hulala na kondoo wao nyumba moja ili wapate joto. Huko, mtu asiye na guo la sufu haishi. Nasema haishi, sitanii.

Na Nakiete alikuwa fundi wa sufu. Akikata manyoya ya kondoo, kondoo hapigi kelele. Akiyaosha, anayaosha kwa maji ya baridi ya kijitoni, taratibu, kama anaosha mtoto mchanga. Akiyachambua, anayachambua kwa vidole. Akiyasokota, uzi unatoka mrefu, sawasawa, hauna fundo. Kisha anatandika mtande, zile nyuzi za urefu, anapitisha mshindio, zile za upana, anafuma. Watu walisema, "Guo la Nakiete, ukilivaa mvua inakuomba radhi." Naye aliwasikia, na hakuwakatalia. Alijua kazi yake, kwa nini ajifanye hajui?

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Ng'ambo ya mlima waliishi watu wengine, watu wa Shighati. Hapo kale Ngwaru na Shighati walipigania chemchemi mpaka maji yakabadilika rangi. Walipochoka kuzika, wakaapa. Kila mwaka wa saba, watemi wawili wakutane kileleni, pale penye upepo. Wakae bega kwa bega, wajifunike guo moja, na wazee wahesabu chemchemi zote kwa majina, ipi ya nani, ipi ya wote. Mtemi akiinuka kabla ya hesabu kwisha, agano limevunjika na mikuki inatoka darini. Guo hilo huletwa na Ngwaru mara hii, na Shighati mara ijayo.

Mwaka huo ilikuwa zamu ya Ngwaru. Nakiete alifuma miezi mitano. Miezi mitano, wajukuu zangu! Guo likatoka jeupe na jeusi, pana la kufunika watu wanne. Akalipeleka kwa Mtemi Kiondo, na Mtemi akamkabidhi Semvua, mtunza nyumba yake, ili alihifadhi.

Alikuwepo Semvua!

Tumsikie!

Semvua alikuwa mtu safi. Safi mno. Akiona jani uani, analifuata mpaka aliokote. Siku sita kabla ya agano alilifungua lile guo, akainusa ile harufu. Ninyi mnaijua harufu ya kondoo. Nakiete alikuwa ameacha mafuta kidogo ya kondoo ndani ya sufu, makusudi, maana mafuta hayo ndiyo yanayofukuza maji ya mvua. Semvua hakuuliza. Akasema moyoni, "Mtemi wangu akajifunike harufu ya zizi mbele ya watu wa Shighati? Nitamtia aibu!"

Akateka maji. Akawasha moto chini ya chungu cha pombe, kile kikubwa. Akatia magadi, akalitumbukiza guo, akalichemsha. Likachemka, naye akalitwanga kwa mchi, tu! tu! tu! Akaligeuza, akalitwanga, tu! tu! tu! Kisha akalitoa.

Mnajua alitoa nini?

Kitu kinene, kigumu, kidogo, cha kumfunika mbuzi mmoja. Na mbuzi mwenyewe awe mdogo.

Semvua akakaa chini. Na hofu, wajukuu zangu, ikamwingia mdomoni kabla ya akili kufika. Akakimbia kwa Mtemi akasema, "Baba, Nakiete ametuhadaa! Amefuma kwa sufu mbovu, guo limesinyaa lenyewe!"

Nakiete akaitwa barazani. Wazee wamenuna. Kile kitu kimewekwa katikati kama maiti.

"Nakiete," Mtemi alisema, "hii ndiyo kazi uliyonipa?"

Nakiete akapiga magoti, akakishika. Hakulia. Miezi mitano ilikuwa mikononi mwake, imekunjamana, lakini hakulia. Akakileta puani. Akanusa magadi. Akanusa tena.

"Baba Mtemi," akasema, "sufu ni yangu. Kufuma nimefuma mimi. Kuchemsha sikuchemsha mimi."

"Nani kachemsha?" Semvua akadakia. Sauti yake ilikuwa juu kuliko ilivyohitajika.

"Nipeni maji ya moto, maji ya baridi, magadi na mchi," akasema Nakiete. "Mimi sitasema. Sufu itasema."

Akatoa kikapuni kipande kilichobaki alipofuma, akakikata vipande viwili, sawa kwa sawa, kila kimoja urefu wa kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko. Kimoja akakiosha kwa maji ya baridi, akakikamua bila kukinyonga. Cha pili akakitia maji ya moto na magadi, akakitwanga, tu! tu! tu! Akavilaza viwili pamoja mbele ya Mtemi. Kile cha kwanza bado kilifika kwenye kiwiko. Cha pili kilikomea kwenye kifundo cha mkono.

Baraza zima likageuka kumtazama Semvua. Semvua akatazama miguu yake.

"Lilikuwa linanuka," akasema polepole. "Nilitaka liwe safi. Nisamehe, Baba. Na wewe dada, nimekusingizia. Niliogopa."

Mtemi Kiondo akainuka kwa hasira, lakini Nakiete akasema, "Baba, kumwadhibu kutangoja. Siku sita hazingoji."

"Unaweza kufuma jingine kwa siku sita?"

"Siwezi."

Hakuzunguka. Aliulizwa, akajibu. Kila mzee pale barazani akaanza kuhesabu wanawe wa kwenda vitani.

Mzee mmoja akasema, "Tuna nguo za pamba, zile nyeupe walizoleta wasafiri wa pwani. Nyepesi, nzuri. Tushone nne pamoja."

Nakiete akachukua kitambaa cha pamba, akakilowesha, akamfunga Mtemi mkono wa kulia. Akalowesha kipande cha sufu, akamfunga mkono wa kushoto. Upepo wa Ngwaru ulikuwa unavuma barazani. Kabla Nakiete hajasema neno, Mtemi akaanza kuusugua mkono wa kulia.

"Ondoa hii! Inauma kama barafu."

"Na wa kushoto, Baba?"

"Umelowa," akasema Mtemi, akishangaa, "lakini una joto."

"Kileleni kuna mvua," akasema Nakiete. "Pamba ikilowa inakuacha peke yako. Sufu ikilowa bado ipo nawe. Nipe ruhusa nikafikiri."

Akaenda nyumbani na lile guo lililoharibika. Sasa, akiwa peke yake, hasira ikamjia. Akataka kulichana. Akavuta, halichaniki. Akatafuta uzi aufumue, haoni uzi, nyuzi zimeshikana kama vidole vya watu wanaoagana. Akalitupa chini, akalimwagia maji ya mtungini kwa hasira. Na maji, wajukuu zangu, yakasimama juu yake vidonge vidonge, yakabingirika chini. Hayakuingia, maana sufu ilikuwa imeshikana haina tundu.

Nakiete akachuchumaa. Akamwaga tena. Yakabingirika tena.

Akapiga kofi moja, pa! Akatoka mbio kuwaita wanawake wa Ngwaru.

"Leteni sufu!" akawaambia. "Msisokote. Msifume. Leteni ilivyo, imeoshwa na kuchambuliwa. Na mlete miguu yenu."

"Miguu?"

"Miguu! Guo tunalitengeneza kwa kulikanyaga."

Walicheka, lakini walikuja. Wakatandaza jamvi pana uani kwa Mtemi. Sufu haikutosha, maana ilikuwa bado si majira ya kukata, basi wakachanganya na manyoya ya mbuzi. Wakaimwagia maji ya moto yenye magadi, wakakunja jamvi na sufu ndani yake, wakashikana mabega, wakakanyaga. Kanyaga, geuza! Kanyaga, geuza! Kutwa nzima, kanyaga, geuza! Jioni wakakunjua.

Likachanika katikati kama uji ulioganda juu.

Wengine wakakaa chini, wakashika vichwa. Nakiete akaokota kipande, akakitazama na kukipapasa. Akaona. Unywele wa mbuzi ni laini kwa nje, unateleza, haushiki mwenzake. Unafaa kamba, unafaa magunia. Sufu ya kondoo ina vigamba vidogo usivyoviona kwa macho lakini kidole kinavisikia. Ikipata moto na kusuguliwa, vinakamatana na haviachani.

"Kosa ni langu," akawaambia wenzake. "Mbuzi nimemwingiza mimi. Kesho ni kondoo mtupu. Na leo tulilaza manyoya yote upande mmoja. Kesho tabaka moja liende hivi, jingine lipite juu yake hivi, kama ninavyofuma."

"Kondoo mtupu tutampata wapi?" wakauliza. "Tumemaliza."

Hapo Semvua akatokea mlangoni. Ameshika kisu na kamba, na nyuma yake kondoo wake kumi na moja wenye manyoya marefu, pamoja na dume lake jeupe la kondoo alilokuwa akilichana kila asubuhi na kulionyesha wageni. Msicheke! Alilipenda lile dume.

"Kata," akamwambia Nakiete. "Na mimi nipeni nafasi kwenye jamvi. Nina miguu miwili."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Aliyetuponza huyu?"

"Ndiye huyu," akasema Nakiete. "Na ndiye mtu wa kwanza Ngwaru kutengeneza guo la namna hii, ingawa hakujua anatengeneza nini. Mpisheni."

Wakampisha. Siku ya tatu, kanyaga, geuza! Siku ya nne, kanyaga, geuza! Semvua katikati ya wanawake, jasho linamtiririka, magadi yanamwasha vidole, haachi kukanyaga. Siku ya tano wakalisuuza kwa maji ya baridi, wakalilaza kivulini, maana jua kali hukausha sufu mpaka ikakatika. Siku ya sita wakalibeba kileleni.

Watu wa Shighati walikuwa wamefika. Mtemi wao, Lukio, mzee mwenye ndevu nyeupe, alilishika lile guo, akaligeuza, uso ukabadilika.

"Halina uzi," akasema. "Kiondo, mmetuletea nini? Hii ni dharau?"

Vijana wa Shighati wakasogea mbele. Vijana wa Ngwaru nao wakasogea. Hapo, wajukuu zangu, vita vilikuwa karibu kuliko mlango ule.

Nakiete akapita katikati yao.

"Baba," akamwambia Lukio, "mimi ndiye mfumaji wa Ngwaru. Ni kweli halina uzi. Livute."

Lukio akavuta. Akamwita kijana wake mwenye nguvu, wakavuta wawili. Guo likakaa vilevile.

"Sasa jifunike, Baba. Likikuangusha, nilaumu mimi, si Mtemi wangu."

Mzee akaliachia guo. Kisha akakaa. Kiondo akakaa kando yake. Wakafunikwa, na wazee wakaanza kuhesabu.

Hawajafika chemchemi ya tano, mvua ikaanguka. Si mvua ya kumwagilia mchicha. Mvua ya kilele, yenye mawe ya barafu, inayopiga mgongo kama fimbo. Watu wote wakajikunyata. Wazee waliendelea, meno yakigongana. Chemchemi ya kumi. Chemchemi ya ishirini. Nakiete alisimama pale pale mvuani, macho kwenye lile guo, na kila jiwe la barafu lililoliangukia lilimwangukia yeye kifuani. Chemchemi ya thelathini. Ya thelathini na nne, ya mwisho, ya wote.

Wakalifunua.

Mtemi Kiondo alikuwa mkavu. Na Mzee Lukio, jamani, Mzee Lukio alikuwa amesinzia! Wakamgusa bega, akafumbua macho, akapitisha mkono kwenye ndevu zake. Kavu.

"Mmemaliza?" akauliza. "Ningekuwa na chemchemi nyingine ningewapa mzihesabu pia."

Kilele chote kikacheka. Vijana wakaziacha silaha zao matopeni.

"Nani amefuma guo hili?" Lukio akauliza.

"Hakuna aliyefuma, Baba," akajibu Nakiete. "Limekanyagwa na wanawake wa Ngwaru. Na mwanamume mmoja."

Semvua akainamisha kichwa, lakini safari hii alikuwa anatabasamu.

Mwezi uliofuata, wanawake wa Shighati walivuka mlima kuja kujifunza. Nakiete akawapokea, akawapa maziwa, akawatandikia jamvi. Na mtu aliyewafundisha kuosha, wa kwanza kabisa, alikuwa Semvua. Hiyo ndiyo adhabu ambayo Nakiete alimwombea kwa Mtemi. Semvua alisimama mbele yao akasema, "Maji ya baridi kwa nguo ya kuvaa. Maji ya moto kwa guo la kukanyaga. Usinyonge, usianike juani. Weka na majani machungu, nondo, mdudu mla nguo, asitoboe. Na usipojua, uliza. Niulizeni mimi kilichompata asiyeuliza."

Basi, wajukuu zangu, hayo ndiyo mafunzo yake. Kitu usichokijua tabia yake, usikitie motoni kabla ya kumwuliza aliyekitengeneza. Na ukikosea, sema "Ni mimi" mapema, kabla mwenzio hajabeba mzigo wako. Na kazi ya mikono yako ikiharibika, usiitupe siku hiyo hiyo. Itazame kwanza.

Mimi nimekifikisha kisa hapa, kimevuka mlima na hakikulowa. Chukueni, mkawape na wenzenu. Haya, nyanyukeni, miguu yangu imekufa ganzi.