Kwa Nini Wanawake wa Irindi Huunguza Jani Moja

Kabla barabara haijaupanda mlima wa Irindi, na kabla mtu yeyote hajawaza kwamba jani linaweza kutengenezwa kwa mkono, kila kijani kilichoonekana duniani kilitoka ardhini chenyewe. Siku hizo watu wa Irindi hawakupamba nyumba ili zipendeze. Walipamba ili kusema neno.

Neno lenyewe lilisemwa mara moja kwa mwaka, sikukuu ya mavuno ilipofika. Kila mwenye nyumba alipanda hadi msitu wa juu akakata tawi moja la mti wenye majani manene yanayonukia, mti ambao wao waliuita mti wa mlangoni na hawakuhangaika kuutafutia jina lingine. Tawi likatundikwa juu ya mlango. Aliyeliona alijua kwamba nyumba ile haina kinyongo na mtu. Alichuma jani moja, akalifikicha, akalinusa, ndipo akaingia, na hata mtoto wa mgongoni alisogezewa jani puani anuse. Nyumba yenye mlango mtupu ilipitwa kimyakimya.

Tawi hilo lilikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi. Mzazi akimfukuza mwanawe kwa hasira, hakuruhusiwa kumwita tena kwa maneno, wala kumtuma mtu amwite. Watu wa Irindi walikuwa na hoja yao: mdomo uliofukuza jana utaaminiwaje leo ukikaribisha? Basi mdomo ukanyamazishwa, mkono ukapewa kazi. Mzazi alitundika tawi, akaketi ndani karibu na jiko, asiseme lolote mpaka mtoto aseme kwanza au avuke kizingiti. Ukiniuliza mimi, desturi hiyo ilikuwa kali kupita kiasi. Lakini hawakuniuliza.

Katika mlima huo aliishi mama mmoja mjane, Nakijwa, mwenye mkono mzuri wa kusuka mikeka na ulimi uliomponyoka siku moja mbaya. Siku hiyo ilikuwa ya mazishi ya mumewe. Mwanawe wa pekee, Mgonja, alikuwa amekwenda ng'ambo ya bonde kwenye pombe na ngoma, na habari za msiba zilipomfikia, akarudi mbio, akakuta kaburi limeshafukiwa. Nakijwa alimwona anakuja na vumbi la ngoma miguuni. Mbele ya watu wote akamwambia kwamba yeye si wa nyumba hii tena. Kijana aligeuka akaondoka, na Nakijwa akaingia ndani akiwa amefiwa na mmoja na kumpoteza wa pili kwa kinywa chake mwenyewe.

Hasira ilimwisha kabla ya matanga kwisha. Majuto hayakumwisha. Kila sikukuu alitundika tawi, na kila sikukuu lilikauka mlangoni huku wageni wakiingia na kutoka, na Mgonja hakuwa miongoni mwao. Majirani wakaacha hata kumwita Mama Mgonja, kwa kumwonea huruma, wasijue kwamba kuachwa huko kulimuuma kuliko kuitwa.

Mwaka mmoja wauza chumvi waliopanda kutoka tambarare walileta habari. Walikuwa wamemwona Mgonja, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Aliwaambia kwamba atapanda mlimani sikukuu hii. Atatazama mlango wa mama yake kwa mbali, na akiukuta mtupu hatarudi tena maisha yake yote.

Nakijwa alifurahi mpaka akaketi chini. Kisha akakumbuka ulikuwa mwaka gani. Mvua zilikuwa zimegoma. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na chemchemi moja tu ndiyo iliyobaki ikitoa maji, ile iliyo chini ya msitu wa juu. Wazee walikuwa wamekaa wakaamua kwamba mwaka huo hakuna atakayekata hata kijiti msituni, wasije wakaiua na chemchemi hiyo moja. Milango yote ya Irindi itakuwa mitupu, na hakuna atakayemfikiria mwenzake vibaya. Uamuzi huo ulikuwa wa haki. Ila mtu anayetoka tambarare asingeujua, na mama yake hakuruhusiwa kumweleza.

Alikwenda kwa mlinzi wa msitu, mzee Kisaka, akamwomba tawi moja, hata liwe dogo la urefu wa kiganja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amemlea Mgonja magotini pake, na machozi yalimlengalenga.

"Nikikupa wewe, mwanangu," alisema, "nitamnyima nani?"

Nakijwa akarudi nyumbani, akaketi mbele ya mikeka yake, akalia hadi akachoka kulia. Alipoinua uso, kitu cha kwanza alichokiona ni maganda makavu ya mgomba aliyoyaweka kwa ajili ya kusukia. Aliyatazama kwa muda. Halafu akachukua kisu.

Alikata maganda ya mgomba kuwa majani, yote kwa kipimo kimoja. Rangi aliipata kwa njia inayoumiza hata kuisimulia: alichukua majani makavu ya kunde, mboga yake yote aliyoiweka kwa ajili ya njaa iliyokuwa inakuja, akayatwanga, akayaloweka, akapaka. Juu yake akapaka mafuta ya nyonyo ili yang'ae. Akayafunga kwenye kijiti cha kuni kwa uzi wa mgomba na kulitundika tawi. Lilikuwa la kijani, limenyooka, kila jani sawa na mwenzake, na Nakijwa akajiona fundi.

Jirani yake Nambua alipokuja kuomba moto, alisimama uani akalitazama. Nambua alikuwa mtu wa kusema ukweli, lakini aliusema taratibu, kama mtu anayemchomoa mwenzake mwiba.

"Dada, limependeza," alisema. "Tatizo lake ndilo hilo. Hakuna tawi linalopendeza hivyo."

Nakijwa alinuna hadi jua lilipogeuka. Kisha alilishusha tawi, akarudi kwa mzee Kisaka na kumwomba ruhusa ya kuingia msituni bila kisu, atazame tu. Mzee alifikiri, akasema kutazama hakujakatazwa. Basi mama yule aliyeishi chini ya miti hiyo tangu kuzaliwa akaketi mbele yake na kuiona kwa mara ya kwanza. Aliona kwamba jani lina mgongo, na mgongo wake umepauka kuliko uso. Majani ya nchani ni madogo na rangi yake ni changa, ya chini ni mapana na yamekomaa. Hakuna mawili yanayotazama upande mmoja. Kiwavi amepita hapa, ameonja pale, na kijiti chenyewe kina vifundo na kimejipinda kufuata mwanga. Aliona pia kwamba kila tawi, hata lililo zima kabisa, lina jani moja lililokauka. Hilo aliliona akaliacha hukohuko. Alijiambia hawezi kutundika kitu kikavu kwenye tawi la kumsamehe mtoto, ni kisirani.

Aliporudi alianza upya. Aliipausha migongo ya majani kwa majivu, akatoboa matundu ya kiwavi kwa mwiba, akayapinda huku na huku, akatafuta kijiti kilichopinda. Mkesha wa sikukuu, jua likiwa bado lipo, alikuwa anayakausha majani ya mwisho juu ya jiko, moja moja, akiyashika kwa vidole. Macho yalikuwa yamechoka. Moto ukaruka, jani likashika, naye badala ya kuliachia akalibana kwa kidole gumba kuuzima ule moto. Jani likabaki limeungua nusu. Kidole kikatoka lengelenge. Rangi ilikuwa imekwisha, maganda yamekwisha, na bila jani lile tawi lingebaki na pengo. Akalifunga hivyohivyo, upande unaoelekea ukutani, akaomba Mungu mtu asilione.

Asubuhi alilitundika. Nambua alipita akasema maskini, dada amekwenda kuiba msituni. Mzee Kisaka alikuja na fimbo mkononi, akilia kwa hasira, akidhani hivyohivyo. Akalishika tawi, akaligusagusa, akashusha fimbo. Alimtazama Nakijwa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nakijwa akaingia ndani, akaketi karibu na jiko, akafunga mdomo kama desturi ilivyotaka. Sasa alikuwa na uhakika. Kama tawi limeyadanganya macho ya mlinzi wa msitu, litamfaa mwanawe.

Jua lilipokuwa kichwani alisikia hatua. Hatua za mtoto wako hazisahauliki hata zikizeeka. Zilikuja zikasimama mbali, kwenye ukingo wa ua, zikakaa hapo kwa muda. Kisha zikaanza kusogea kwa haraka, karibu mbio, na Nakijwa akashika kifua kwa mikono miwili. Alisikia mzigo ukitua chini mlangoni. Alisikia jani likichumwa.

Hapo ndipo moyo ulipomfia. Alikuwa amefikiria macho tu. Alikuwa ametengeneza uso wa jani na mgongo wake na tundu la kiwavi, na katika siku zote zile za kukata na kupaka hakukumbuka hata mara moja kwamba mtu wa Irindi hunusa kabla ya kuingia. Nje, mwanawe alikuwa analifikicha ganda la mgomba lililopakwa mboga na mafuta ya nyonyo.

Mlio wa kufikicha ukakoma. Mgonja alikuwa amelifahamu. Alijua sasa kwamba jani si jani, na akafikiri kama ambavyo mtu yeyote aliyefukuzwa angefikiri: kwamba msamaha nao si msamaha, kwamba mama yake ametundika kitu cha kuwaridhisha majirani, asisemwe vibaya siku ya sikukuu. Nakijwa alisikia mzigo ukiinuliwa tena. Maneno yalimjaa kooni. Kuyatamka kungemfanya kijana aondoke kwa haki, kwa desturi aliyokulia, naye alijua. Akajiziba mdomo kwa mkono uliokuwa na lengelenge.

Lakini Mgonja alikuwa amelelewa vizuri, pamoja na ngoma zake zote. Hakutaka kuacha kitu kimeharibika mlangoni kwa mama yake. Akanyoosha mkono kulirudisha lile jani alilolichuma, akatafuta pa kulichomeka, akaligeuza tawi. Upande wa ukutani akaliona jani lililoungua, na katikati ya ile sehemu nyeusi alama ya kidole gumba. Kilikuwa kidole kilichopinda kidogo kuelekea kushoto, kwa kuwa jembe lilikiumiza siku ambayo yeye mwenyewe, akiwa bado anatambaa, alitaka kulishika, na mama yake akaweka mkono wake kati.

Alisimama pale akilishika jani. Alielewa kwamba tawi la msituni hukatwa mara moja tu, mtu akashuka nalo akiimba. Hili mtu alikuwa ameketi nalo siku nyingi. Alikuwa ameketi nalo hadi moto ukamuunguza.

Akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza jambo la kila siku, "Mama, umeungua?"

Alikuwa amesema kwanza. Mdomo wa Nakijwa ukafunguka, na katika maneno yote aliyoyatunza miaka yote hiyo, ya kuomba radhi na ya kueleza, ya kulalamika pia, hakulipata hata moja.

"Kidogo," alisema. "Ingia."

Akaingia. Walilia wote wawili, na sikukuu hiyo walikula uji bila mboga, kwa maana mboga ilikuwa mlangoni.

Na tangu siku hiyo watu wa Irindi hawakupanda tena msituni na visu. Mvua zilirudi, miti ikapona, lakini walishajua kwamba tawi la kukatwa ni rahisi mno kwa kazi ile. Walitengeneza kwa maganda, baadaye kwa vitambaa, na siku hizi, sikukuu ikiwa imehamia Krismasi, hushuka sokoni kununua yale ya plastiki. Wenye maduka huwaogopa. Mwanamke wa Irindi hanunui jani kwa kulitazama usoni. Hulipindua aone kama mgongo umepauka, hupima kama ya nchani ni madogo, hukunja kijiti aone kama kina vifundo, na lile lililonyooka likang'aa sawasawa hulirudisha kwenye rundo. Akishapata linalofanana na la mti, hulipeleka nyumbani, analisogeza kwenye moto wa jiko na kuliunguza jani moja, mgeni akashangaa kwa nini anaharibu kitu kizuri alichohangaika kukichagua.

Hawaharibu. Watoto wa Irindi wametawanyika mijini, na wako walioondoka na maneno mabaya masikioni, na wako waliowaachia wazazi maneno mabaya. Desemba hupanda mlima na mizigo yao. Mlangoni hawanusi tena, plastiki ina nini cha kunusa. Huligeuza tawi, wakatafuta upande wa ukutani, na wakishaliona jani lile huuliza, "Mama, umeungua?" Na mama, hata kama aliliunguza kwa koleo na moto haukumgusa, hujibu kutoka ndani kwamba ameungua kidogo, aingie.