Saa Nane ya Jean-de-Dieu

Kosiya Thembo mwenyewe hakubisha, hata miaka mingi baadaye alipokuwa mwalimu mwenye kipara: mjinga wa siku ile alikuwa yeye. Hakurogwa wala hakusukumwa.

Mwaka 1970 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu huko Kasese, na chuo kizima hakikuwa na wa kumfikia. Golini, mikono yake ilinasa mpira kama ulimbo unavyonasa ndege. Katika mbio ndefu, miguu iliyozoea kupandisha mizigo ya wageni mlimani kutoka kwao Nyakalengija iliwaacha wenzake wakihema kama mivukuto ya mhunzi. Ila roho yake haikutulia. Utadhani kakanyaga siafu.

Jumamosi moja mambo mawili yakagongana. Kasese, saa saba mchana, fainali ya mpira. Wakubwa wa timu moja ya migodini wangekuja kumtazama wamwajiri. Bwera, kule mpakani na Kongo, saa kumi, mbio za kumchagua mkimbiaji wa kwenda kushindana Kampala. Kosiya aliahidi huku, akaahidi na kule.

“Chagua moja,” mama yake, Ithungu, alimwonya.

“Mama, nina mikono miwili na miguu miwili. Kila jozi itapata kazi yake.”

Siku ikafika. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, chuo kikiongoza bao moja, Kosiya alivua jezi akamrushia golikipa wa akiba.

“Wewe! Nyuma geuka!” alinguruma Afande Isa, askari mstaafu aliyewafundisha mpira. “Ukitoka hapa, hurudi!”

“Nisamehe, afande. Lori linaondoka saa nane!” Akatimka.

Lori lenyewe lilikuwa la Jean-de-Dieu, mchuuzi wa samaki kutoka Beni, Kongo, aliyekuwa akirudi kwao kupitia Bwera, na lilisimama ng’ambo ya barabara tu. Mwenye lori alikuwa akimenya ndizi, hana haraka.

“Twende, mzee! Saa nane hiyo!”

“Saa nane ya wapi?” Jean-de-Dieu alitazama mkono wake. “Miye niko mutu ya Beni. Kwetu iko saa saba. Nilisema saa nane, tutaenda saa nane. Panda, keti.”

Lo! Kila mtu wa mpakani anajua kwamba Kongo iko nyuma kwa saa nzima, na kwamba mchuuzi wa Kongo hutembea na saa ya kwao. Kosiya alijua pia, ila siku hiyo hakukumbuka kuuliza.

Akaketi juu ya magunia ya samaki wakavu. Akainuka. Akashuka, akapanda tena. Uwanjani kelele zikalipuka: bao la kusawazisha. Akaziba masikio. Zikalipuka tena: chuo kimefungwa la pili. Alichungulia lango la uwanja; Afande Isa alikuwa amesimama pale kama mlingoti, mikono kifuani.

Lori liliingia Bwera saa kumi na nusu. Vumbi la mbio lilikuwa limeshatua, na mshindi alikuwa amebebwa juu juu. Kule Kasese, watu wa migodini walimchukua golikipa wa timu pinzani.

Kesho yake, nyumbani, Kosiya alifoka. “Jean-de-Dieu kaniponza, mama! Yeye na saa yake ya Kongo!”

Ithungu hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akipepeta. “Samaki wake walifika?”

“Walifika.”

“Alikuwa na safari ngapi?”

“Moja. Lakini ile saa…”

“Fisi hakuwa na saa mkononi, mwanangu, na bado njia mbili zilimshinda.”