Mchanga wa Zahanati ya Kwamsanja

“Mstari mwekundu haujui mchanga na mchango.” Mmenisikia nikimwambia hivyo mwenzenu alipotaka kutuma barua yake ya kazi bila kuisoma, nanyi mkauliza usemi huu umetoka wapi. Basi sikilizeni.

Hapa Kwamsanja kina mama walikuwa wakijifungulia njiani, maana hospitali iko ng’ambo ya mlima. Tukakubaliana kujenga chumba cha wazazi kwenye zahanati. Naetwe, katibu wa kamati ya ujenzi, akaandika tangazo kwenye kompyuta ya ofisi ya kijiji. Kompyuta ile huchora mstari mwekundu chini ya neno lililokosewa. Naetwe akatazama, hakuona mstari wowote. Akachapa, akabandika.

Jumamosi akaketi uwanjani na kisanduku cha michango. Watu wakaja na ndoo, magunia na mabeseni kichwani, wakamwaga mchanga mbele yake. Lundo likakua.

“Jamani, nani kawaambia mlete mchanga?” Naetwe aliuliza.

“Si wewe?” akajibu Bibi Nakiete, akijifuta jasho. “Umeandika kila kaya ilete mchanga.”

Naetwe akakimbilia tangazo lililokuwa ukutani. Kweli! Alikusudia mchango, vidole vikaandika mchanga. Na kwa kuwa mchanga nalo ni neno, kompyuta ilinyamaza. Machozi yakamlengalenga.

“Nisameheni. Nilitaka fedha za ujenzi.”

“Ungetaka fedha, mwanangu, ningejifungia ndani kama siku zote,” Bibi Nakiete alisema. “Leo nimekuja kwa sababu mchanga uko mtoni, na nguvu bado ninazo. Mjukuu wangu ni mjamzito. Nataka azalie hapa.”

Kisha fundi Mbwambo akachota mchanga kiganjani, akausugua. “Huu ni safi. Tungeukodia lori. Sasa tutafutieni saruji tu.”

Naetwe akaandika tangazo la pili. Safari hii alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, Bibi Nakiete akimsikiliza. Wenye uwezo wakatoa saruji, wengine wakachimba msingi. Masika yalipoanza, chumba kilikuwa kimeezekwa, na kitukuu wa Bibi Nakiete akazaliwa humo, mvua ikinyesha juu ya bati.

Tangu hapo, Naetwe hakubandika tangazo ambalo hakulisoma kwa macho yake mwenyewe. Na sisi tukapata la kuwaambia watoto wetu: mstari mwekundu haujui mchanga na mchango.