Aliyesikia Chini ya Dirisha

Hapo zamani, zamani hii ya juzi watu walipokwisha kuzoea kuonana kwa simu, milimani Upareni palikuwa na mshauri nasaha, jina lake Nakijwa. Waliolemewa moyoni walimpigia kutoka mbali na karibu, naye akawasikiliza akiwa chumbani kwake. Kabla ya lolote aliwauliza: uko peke yako? Umefunga mlango? Akisikia mtu karibu nao, aliahirisha.

Siku moja alipigiwa na mwanamke aliyeficha uso na jina, asimtambue. Kulikuwa na joto, hedifoni zikamchosha Nakijwa, akazivua akaweka sauti ya wazi. Dirisha nalo lilikuwa wazi.

Mwanamke alisema amejifungua karibuni, na mtoto hamwoni kama wake. Akimpakata, ni kama amepakata furushi la mtu. Juzi aliwaza kumwacha sokoni aende zake. Nakijwa hakumkemea. Alimwambia huo ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi na una tiba, akamwelekeza hospitali, wakapanga kuzungumza tena.

Chini ya dirisha, mama mkwe wake Nakijwa, Bi Namsifu, alikuwa akichambua choroko. Akaisikia ile sauti, akaijua. Ilikuwa ya Elieshi, jirani yao, mwenzake wa kwaya.

Bi Namsifu hakumwambia mtu. Kesho yake akaenda kwa Elieshi, akaomba kumwogesha mtoto. Akaenda tena, na tena. Alimwogesha mtoto, akampikia mama mtori wa ndizi na nyama, akamwambia alale. Elieshi akalala, akameza dawa, akazungumza na Nakijwa, hata asubuhi moja mtoto akapiga chafya, mama yake akacheka.

Kwa furaha, ulimi ukamteleza Bi Namsifu. "Unaona, mwanangu? Na ulitaka kumwacha sokoni huyu."

Neno hilo Elieshi alilisema kwa mtu mmoja tu duniani. Akamchukua mtoto, akaingia ndani. Tangu hapo hakupokea simu ya Nakijwa wala hakukanyaga kwaya.

Bi Namsifu alirudi nyumbani akamweleza mkwewe yote. Wakaenda wote wawili kuomba radhi. Walimkuta Elieshi na mumewe, Zefania. Wakaketi, macho chini.

Nakijwa akasema, "Kosa ni langu. Nilikuuliza mlango wako, dirisha langu sikulitazama."

Bi Namsifu akasema, "Kosa ni langu. Masikio hayana kifuniko, lakini miguu ninayo, ningeondoka. Nilikaa nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikaja kwako kama sijui kitu."

Zefania hakuwa ameulizwa. Naye akasema, "Kosa ni langu. Nilikuona unalia, nikakuambia usinitie aibu. Waliokuja kukuona mwanzoni niliwarudisha. Ungekuwa na wa kumwambia humu ndani, usingemtafuta wa kwenye simu."

Elieshi aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akasema, "Wewe ulinipa tiba, ukaniacha uchi. Wewe uliniibia siri, ukaniinua kwa siri hiyo hiyo. Na wewe ni baba wa mwanangu, ukanizibia njia. Bado sijapona sawasawa. Leo nina nguvu za kumsamehe mmoja tu. Wengine wabaki na aibu yao mpaka nipate nguvu nyingine."

Haya, ninyi mliokaa mkanisikiliza, msitazamane. Mngekuwa Elieshi, je, nani kati ya hao watatu alistahili msamaha wa siku ile?